Mchare, matoke, "plantain": neno gani likosolewe?

Andika kwa Kiingereza kwamba machalari ni "plantain na nyama" uone. Mchaga mmoja atasema hiyo si plantain. Mwingine atajibu, "Acheni ubishi, ndizi ni ndizi." Nani yuko sahihi?

Ubishi wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1753 Linnaeus aliipa ndizi ya kupika jina Musa paradisiaca, na mwaka 1759 ile tamu ya kula mbivu akaiita Musa sapientum. Mgawanyo huo wa jikoni haukudumu. Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walipendekeza tuangalie wazazi: A ni Musa acuminata, B ni Musa balbisiana.

Kwa herufi hizo mambo yananyooka. Mchare wa vihamba vya Kilimanjaro ni AA, una seti mbili za kromosomu, yaani 22. Matoke ya Uganda na Kagera ni AAA, kromosomu 33. Plantain ni AAB, na kwetu tunayo: ni mzuzu na mkono wa tembo. Cha kushangaza, ndugu wa karibu wa mchare ni mmoja wa wazazi wa Cavendish, ile ndizi mbivu inayojaa supamaketi za Ulaya! Kwa hiyo "ya kupika" ni matumizi tu, si ukoo.

Je, tumkosoe kila anayekosea? Hapana. Mshare au mchare ni matamshi tu, sufuria haibadiliki. Lakini Mchaga aliyeko London akielekezwa apike mtori kwa "plantain", atashangaa. Mchare ukiiva hulainika na kupondeka vizuri, wakati mzuzu una maji kidogo na nyama yake ni ngumu zaidi. Hapo kosa la neno ni kosa la chakula.

Shambani ni hatari zaidi. Fangasi wa Fusarium, kundi la 1, huua mchare, lakini matoke na mzuzu kwa kawaida huwastahimili. Ukimwambia mkulima wa Moshi kwamba "ndizi za kupika hazipati mnyauko huu", umempotosha, na fangasi huyo akishaingia hukaa kwenye udongo miaka mingi. Hata neno "mnyauko" peke yake halitoshi: kuna wa fuzari na kuna wa bakteria, na huo wa bakteria hushambulia aina zote tatu. Anayejua mmoja tu anaweza kudhani matoke yako salama.

Kwa hiyo kabla ya kumrekebisha mtu, jiulize: neno hili likibaki hivi, kuna kitakachoharibika sufuriani au kihambani? Kama kipo, msahihishe kwa upole, na umpe jina la aina yenyewe. Kama hakipo, mwache ale mtori wake kwa amani.