Nikahi bila cheti: Funzo kutoka Uturuki

Leo tunaitazama Uturuki, ambako ndoa, talaka na mirathi huamuliwa kwa sheria moja ya madai kwa raia wote. Ya kwanza, iliyofuata ile ya Uswisi, ilianza kutumika Oktoba 4, 1926. Ya sasa, Januari 1, 2002.

Kwa sheria hiyo, nikahi ya msikitini pekee haitambuliwi. Mume akifariki na kuacha watoto, mke aliyeandikishwa hurithi robo. Asiyeandikishwa hapati robo hiyo, wala mahakama haitampa thumuni aliyowekewa na sharia yetu.

Nikahi ni amana. Basi walii amwozaye binti yake huko na ahakikishe pia cheti cha serikali. Wallahu aalam.