Ulimwengu wa Mchezo Ndani ya Kontena

Mtu anayecheza Minecraft na wenzake walioko mbali huona kwenye kioo cha kompyuta yake mapango, mashamba na nyumba za matofali ya mraba, lakini ulimwengu huo hautunzwi hapo. Hutunzwa na seva, yaani programu inayofanya kazi mfululizo kwenye mashine nyingine, ikipokea kila hatua na kila pigo la sururu, na kupiga hesabu za yaliyotokea mara 20 kwa sekunde. Programu hiyo ni teuzi: matoleo ya Minecraft kuanzia 1.20.5 yanadai angalau Java 21, ilhali seva nyingi za zamani zenye nyongeza zilizotungwa kwa Java 8 hukwama zikipewa Java mpya, hata mwenye kutaka kuendesha zote mbili kwenye mashine moja akajikuta msuluhishi.

Ugomvi huo ndio unaotatuliwa na kontena. Mbinu za kutenga programu zilikuwamo ndani ya Linux kwa miaka kadhaa, ila zilienea baada ya mwaka 2013, Solomon Hykes na wenzake wa kampuni ya dotCloud walipotoa Docker, jina ambalo kwa Kiswahili cha bandarini lingekuwa “kuli”. Kontena la namna hii si kompyuta kamili, kwa kuwa linaazima kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kutoka kwa mashine mwenyeji. Kerneli hiyo huiwekea programu mipaka ya inachoweza kuona na ya RAM inayoweza kutumia. Kontena huzaliwa kutokana na taswira, ambayo ni kifurushi kisichobadilika chenye programu, Java yake na mahitaji yake yote.

Kwa Minecraft, taswira mashuhuri ni itzg/minecraft-server. Mwendeshaji huipa maagizo kwa vigezo vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo programu hukabidhiwa inapowashwa: bila EULA=TRUE, inayothibitisha kukubali masharti ya matumizi, seva haiwaki. Seva husikiliza kwenye mlango namba 25565, na kwa kuwa mlango huo uko ndani ya kontena, sharti uunganishwe na mlango wa mashine mwenyeji. Maandishi 25566:25565 yana maana kwamba wageni watabisha hodi kwenye 25566 nje, wapokewe kwenye 25565 ndani.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Kontena limeumbwa litupwe: likitakiwa toleo jipya halikarabatiwi, bali huondolewa likawashwa lingine kutoka taswira mpya, na chochote kilichoandikwa ndani yake hufutika nalo. Ulimwengu wa mchezo, kinyume chake, ni kitu pekee kisichoweza kupakuliwa upya. Kwa hiyo folda ya /data, inayobeba ramani, mali za wachezaji na faili la mipangilio liitwalo server.properties, huunganishwa na folda ya mashine mwenyeji. Anayelisahau hilo hubadilisha kontena jioni, na wachezaji wanaorudi hujikuta katika nchi ngeni isiyo na hata ukuta mmoja waliojenga.

RAM nayo ina mtego wake. Kigezo cha MEMORY huipimia Java eneo lake kuu la kazi tu, wakati Java hutumia pia kumbukumbu nje ya eneo hilo. MEMORY ya 4G ndani ya kontena lenye kikomo cha 4G ni kualika kerneli iiue seva, na alama ya kifo hicho ni namba 137. Mara nyingi nafuu hupatikana kwa kufupisha upeo wa macho, yaani umbali wa ardhi anaoonyeshwa mchezaji, badala ya kununua RAM: upeo wa 10, ambao ndio wa kawaida, humpangia kila mchezaji vipande 441 vya ardhi, kila kimoja cha hatua 16 kwa 16, na wa 6 huvishusha hadi 169.

Docker inapoamriwa kulisimamisha kontena, kwa kawaida huisubiri programu sekunde 10 kisha huikata, muda ambao hautoshi kwa ulimwengu mkubwa kuandikwa diskini, hivyo waendeshaji makini huurefusha hadi dakika nzima. Wanapochukua nakala ya akiba seva ikiwa hewani, huiagiza kwanza save-off ili iache kuandika yenyewe, kisha save-all flush ili imalize yaliyosalia, ndipo wakanakili folda na kuifungulia tena kwa save-on.