Kabureta ya Injini Kongwe: Ufundi wa Kurudisha Kipimo katika Mwalo wa Katonga

Katika mwalo wa Katonga, kusini-magharibi mwa mji wa Kigoma, uvuvi wa dagaa na migebuka hutegemea kwa kiasi kikubwa injini za kupachika, yaani zile zinazofungwa kwa nje nyuma ya boti na kuteremsha pangaboi lake majini, ambazo wavuvi wenyewe huziita kwa kifupi mashine. Miongoni mwazo zimo zilizokwisha kufanya kazi kwa miaka mingi, zikapita mikononi mwa zaidi ya mmiliki mmoja, na bado zinategemewa kuvuta mitumbwi usiku na kuirudisha alfajiri. Mashine ikizimika ziwani, hatari yake si ndogo. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 mahali palipo pa chini kabisa, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na kingo zake huteremka ghafla kiasi kwamba hata pasipo mbali na pwani kamba ya nanga huenda isifike chini, na boti hubaki ikisukumwa na upepo utakako.

Kati ya vipuri ambavyo hitilafu yake huzima injini ya namna hii, kabureta ni miongoni mwa vile vinavyosumbua mara nyingi zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Wengi huichukulia kuwa njia tu ya kupitishia petroli, na kwa hiyo huona kwamba kuitengeneza ni kuondoa uchafu mpaka petroli ipite. Ukweli ni kwamba kabureta ni chombo cha kupimia: kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kwa uwiano maalumu katika kila mwendo wa injini, na fundi anayeifufua hajamaliza kazi yake pale petroli inapopita, bali pale inapopita kwa kiasi kile kile kilichokusudiwa na aliyeibuni.

Chimbuko la chombo hiki

Mwaka 1893 mhandisi wa Ujerumani, Wilhelm Maybach, alibuni kabureta iliyokuwa na boya la kutunza usawa wa petroli na tundu dogo la kuinyunyizia kwenye mkondo wa hewa, na mpangilio huo ndio uliorithiwa na kabureta nyingi zilizofuata. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee nchini Marekani, alianza kuuza injini ya kupachika iliyoifanya aina hii ya injini ipate soko kubwa. Injini za petroli zilifika Ziwa Tanganyika mapema zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walizishusha ziwani, upande wa Kongo ya Wabelgiji, boti mbili za petroli zilizoitwa Mimi na Toutou, zilizosafirishwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini ili kupambana na meli za Wajerumani zilizokuwa na kituo chao Kigoma. Kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo jina lake linafahamika katika mialo mingi ya Afrika Mashariki, ilitoa injini yake ya kwanza ya kupachika mwaka 1960. Kwa miongo mingi baada ya hapo injini ndogo za boti ziliendelea kuwa za mipigo miwili, yaani zile zinazowaka katika kila mzunguko mmoja wa mtaimbo, zikilishwa na kabureta.

Namna kabureta inavyofanya kazi

Pistoni inapopanda katika injini ya mipigo miwili, huacha upungufu wa kanieneo ndani ya kizimba cha mtaimbo, na hewa ya nje huvutwa kuingia kupitia kabureta. Katikati ya njia hiyo kuna sehemu iliyobanwa, ambayo hapa itaitwa koo, na hewa inapolazimika kupita kwenye wembamba huo huongeza mwendo na kanieneo chake hushuka, kwa mujibu wa kanuni iliyoelezwa na mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, aliyeishi kati ya mwaka 1746 na 1822. Kwa kuwa kanieneo ndani ya koo ni kidogo kuliko kile kinachoikandamiza petroli ndani ya bakuli lililo chini yake, petroli hupanda kupitia tundu dogo na kutoka ikiwa matone madogo yanayochanganyika na hewa.

Tundu hilo hutobolewa katika kipande cha shaba ya manjano kinachoitwa jeti, na ndilo linaloamua kiasi cha petroli. Kabureta huwa na jeti kubwa, inayolisha injini inapokwenda kwa nguvu, na jeti ndogo inayoilisha ikiwa kwenye sailensa, yaani inapozunguka taratibu bila kusukuma boti. Wavuvi waliotumia taa za karabai wanaielewa kanuni hii kwa urahisi, kwa sababu mwanga wa karabai nao hutegemea tundu dogo la kupitishia mvuke wa mafuta ya taa, na tundu hilo likiziba taa hufifia hata kama tangi limejaa. Tofauti iliyopo ni kwamba karabai hutengenezewa sindano yake ya kuzibulia, ilhali jeti ya kabureta haitakiwi kuguswa na chuma chochote.

Usawa wa petroli ndani ya bakuli hutunzwa na boya. Petroli inapoongezeka boya huinuka na kuisukuma sindano ndogo izibe mlango wa kuingilia, na inapopungua boya hushuka na mlango hufunguka. Boya likikaa juu kupita kiasi petroli hufurika na kumwagika kooni, na likikaa chini kupita kiasi injini hukosa chakula inapohitaji nguvu. Kwa hiyo hata urefu wa boya ni kipimo, sawa na upana wa jeti.

Kwa nini kabureta huharibika

Adui mkubwa wa kabureta si kazi bali ni mapumziko. Petroli iliyobaki ndani ya bakuli huvukiza sehemu zake nyepesi na kuacha nyuma utomvu mzito wa rangi ya kahawia, ambao hukauka kwenye jeti na kwenye vijia vyembamba vilivyotobolewa ndani ya mwili wa kabureta. Katika injini za mipigo miwili tatizo huongezeka, kwa sababu oili huchanganywa na petroli na yenyewe haivukizi, hivyo hubaki ikinata.

Ratiba ya uvuvi wa Ziwa Tanganyika huifanya hali hiyo ijirudie. Uvuvi wa dagaa hufanyika kwa kuwavuta samaki kwa mwanga wa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi, ambapo mwanga wa taa hauna nguvu ya kutosha, wavuvi wengi hupumzika na mashine hulala. Mapumziko marefu zaidi yalikuja mwaka 2024, pale uvuvi katika ziwa hilo uliposimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolimiliki kwa pamoja, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hatua hiyo ina manufaa kwa ziwa, lakini mashine iliyowekwa ndani kwa miezi mitatu bakuli lake likiwa na petroli ina uwezekano mkubwa wa kuamka ikiwa imeziba.

Adui wa pili ni maji. Petroli inayohifadhiwa katika madumu na kumiminwa ufukweni huingiwa na maji kwa urahisi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutulia chini ya bakuli, mahali hasa ambapo jeti kubwa huchota. Yakikaa muda mrefu huila aluminiamu ya kabureta na kuacha unga mweupe, na ulaji huo ukifika kwenye kikalio cha sindano, yaani pale sindano inapokaa ili kuziba mlango, huweza kuiharibu kabureta moja kwa moja.

Hatua za kuifufua

Kazi huanza kabla ya spana ya kwanza kushikwa. Fundi makini huosha sehemu ya nje ili mchanga usiingie ndani, hufunga bomba la mafuta, na huandika au kupiga picha jinsi vyuma vya gesi, yaani vya kuongezea mwendo, na vya choki vilivyounganishwa. Skrubu ya kurekebishia sailensa hukazwa taratibu mpaka iguse mwisho, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ndipo ifunguliwe. Hesabu hiyo itahitajika wakati wa kuirudisha. Kuikaza kwa nguvu ni kosa, kwa sababu ncha yake nyembamba hutumbukia ndani ya kikalio na kukipanua.

Kabureta ikishatolewa, bakuli hufunguliwa na kilichomo humiminwa kwenye chombo cheupe ili maji, kutu au utomvu uonekane. Boya huondolewa kwa kuchomoa pini yake. Kasoro za boya hutegemea aina yake: la shaba huweza kutoboka na kuingiwa na petroli, jambo linalogunduliwa kwa kulitikisa karibu na sikio au kulizamisha kwenye maji ya moto na kutazama kama litatoa mapovu, ilhali lile la kizibo, lililotumika katika injini za zamani sana, hunyonya petroli na kuwa zito pindi rangi yake ya kinga inapobanduka. Sindano huchunguzwa nchani, na ikionekana mstari uliochimbika kuizunguka, haifai tena, kwa kuwa haiwezi kuzuia petroli hata kikalio kikiwa safi.

Jeti hufunguliwa kwa bisibisi inayoujaza mfuo wake barabara, kwani shaba ni laini na huchanika upesi. Vipande vyote vya chuma hulowekwa katika dawa ya kusafishia kabureta, huku vile vya mpira na plastiki vikitengwa, maana dawa hizo huviharibu. Baada ya hapo kila kijia hupulizwa kwa upepo wa kompresa au hata pampu ya baiskeli, na fundi huhakikisha kwamba upepo unaoingia upande mmoja unatoka upande wa pili. Pale tundu linapokataa kuzibuka, uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia, unaopatikana katika kila mwalo, hufaa kuliko waya, kwa sababu hauli shaba.

Sababu ya kuukataa waya inaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Tundu la milimita 1.5 likikwaruzwa hadi kufikia milimita 1.65, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 10 tu, lakini eneo la kupitisha petroli limeongezeka kwa asilimia 21, na hakuna skrubu itakayolipunguza tena. Ongezeko lisiloonekana kwa macho hulipwa kwa petroli kila usiku wa uvuvi.

Wakati wa kuunganisha, gasketi, oringi na sindano mpya hutumika, na boya hupimwa kwa kuigeuza kabureta juu chini; katika kabureta nyingi za injini ndogo, boya linapaswa kulala sambamba na ukingo wa mwili wa kabureta, ingawa kipimo cha kitabu cha injini husika ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kuijaribu na kuirekebisha

Injini haiwashwi ikiwa kavu, kwa sababu impela ya mpira inayosukuma maji ya kupozea huungua kwa muda mfupi sana, hivyo majaribio ya mwanzo hufanyika miguu ya injini ikiwa ndani ya pipa la maji. Skrubu ya sailensa hurudishwa kwenye mizunguko iliyoandikwa, kisha hurekebishwa kidogo kidogo injini ikiwa imeshapata joto. Marekebisho ya mwisho hufanyika ziwani, boti ikiwa na mzigo, kwani mashine inayonguruma vizuri ndani ya pipa huweza kusita pangaboi linapokutana na uzito halisi.

Hapa ndipo kosa la kipimo huwa na adhabu kubwa. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi, hulowesha plagi na kula mafuta mengi. Petroli ikipungua, hali ambayo mafundi huieleza kuwa mchanganyiko mwembamba, injini ya mipigo miwili hupata joto kali na wakati huo huo hukosa ulainisho, kwa sababu oili yake huja pamoja na petroli; matokeo yake pistoni hukwama ndani ya silinda, na mashine hunoki. Kwa hiyo fundi mwenye hekima huiacha skrubu upande wa wingi kidogo kuliko upande wa upungufu. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 8, na mchanganyiko huelekea kuwa mzito kidogo wenyewe. Tofauti hiyo ni ndogo, haihitaji kubadili jeti za kiwandani, na iko upande ulio salama.

Ni kweli kwamba injini kongwe za mipigo miwili zina kasoro ambayo kabureta safi haiwezi kuiondoa, kwani sehemu ya petroli hutoka na moshi bila kuungua na kuingia majini, na ndiyo maana sheria za nchi nyingi zilizoendelea zimezisukuma kando na kuzipendelea injini za mipigo minne na zile zenye mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme. Hata hivyo, mashine ambayo kabureta yake iko katika kipimo huchafua kidogo kuliko ile ile ikiwa imekwaruzwa kwa waya, na kwa mwenye boti asiye na uwezo wa kununua mpya leo, huo ndio uboreshaji ulio karibu na mkono wake.

Kinga ya yote haya ni nyepesi kuliko tiba. Kabla ya mapumziko ya mbalamwezi bomba la mafuta hufungwa, injini huachwa iunguze petroli iliyobaki mpaka izimike yenyewe, na kama mapumziko ni ya miezi, bakuli hufunguliwa na kukaushwa. Petroli huchujwa kila inapomiminwa. Zaidi ya hayo, namba ya kila jeti, urefu wa boya na mizunguko ya skrubu vinapaswa kuandikwa kwa rangi isiyofutika ndani ya kifuniko cha injini, mahali ambapo fundi mwingine atavikuta. Elimu ya mialoni husafiri kwa mdomo kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake, na katika safari hiyo mbinu hudumu lakini tarakimu hupotea. Mashine ambayo vipimo vyake vimeandikwa juu yake huweza kufufuliwa Katonga, katika mwalo wa Kibirizi au ng'ambo ya ziwa, na fundi ambaye hajawahi kuiona.