“Selasini” ya Mtoto wa Chonyonyo: Suala la Nadharia na Mbinu

Mtoto wa kata ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, anayetamka *selasini* badala ya *thelathini* huweza kuhukumiwa kuwa amechelewa kumudu sauti. Kwa mujibu wa Jakobson (1941), sauti zilizo adimu katika lugha za ulimwengu humilikiwa mwishoni. Hivyo, tamko hilo lingeelezwa kuwa ni hatua ya ukuaji. Maelezo hayo hayatoshi. Kinyambo, lugha ya kwanza ya watoto wengi wa huko, hakina vikwamizi vya meno [θ] na [ð]. Yamkini mtoto anaiga kwa usahihi kabisa Kiswahili anachokisikia kwa mama yake.

Jaribio la kutaja majina ya picha, lifanywalo mara moja (na mara nyingi kwa picha zilizochorwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya), haliwezi kutenga hali hizo mbili. Smith (1973) alimfuatilia mwanawe kwa takribani miaka miwili. Chonyonyo, ufuatiliaji wa aina hiyo uanze kwa kurekodi usemi wa walezi, kisha mtoto apimwe kwanza kwa Kinyambo, ukiwamo urefu wa irabu, ambao katika lugha hiyo hutofautisha maana.