Wasaidie watoto kuelewa historia kwa karatasi ya kukunja

MWULIZE mtoto wa Gredi ya 8 Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka gani, naye huenda akakujibu bila kusita: 1593. Mwulize ni kwa nini Wareno walikaa karibu miaka 100 tangu Vasco da Gama afike Mombasa, mnamo 1498, ndipo wajenge ngome hiyo, na aghalabu atatazama dari.

Si kosa lake. Katika daftari, 1498 na 1593 ni mistari miwili iliyofuatana. Mtoto haoni kwamba kati ya mstari na mstari kuna watu waliozaliwa, wakazeeka na kuzikwa. Karatasi ya kukunja humwonyesha umbali huo, na gharama yake si kubwa: upande usioandikwa wa kalenda ya mwaka uliopita, rula, penseli na makasi.

Kata karatasi yenye urefu wa sentimita 30 hivi, uilaze kwa urefu wake. Mtoto apige mstari katikati, kisha apime kutoka kushoto na kutia alama kila baada ya sentimita 5 hadi afike 25. Kipande kitakachosalia kitakuwa jalada. Kila sentimita 1 ni miaka 10, kwa hivyo kila kikunjo ni miaka 50. Mstari unaanzia 1480 na kuishia 1730. Akunje kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, mfano wa kile kinanda cha kuvuta cha wachezaji wa mwomboko.

Sasa ajaze matukio kwa kupima. Vasco da Gama ataangukia sentimita 1.8. Francisco de Almeida, aliyeiteka Mombasa na kuichoma moto 1505, yuko 2.5. Nuno da Cunha, aliyeushambulia mji huo tena 1528, yuko 4.8. Halafu mtoto anafungua kikunjo cha pili, 1530 hadi 1580, na hana la kuandika.

Tafadhali mzazi, usimruhusu akijaze kwa maua. Hicho kikunjo kitupu ndicho chenye somo, kwa sababu humfanya mtoto aulize mwenyewe: mbona kimya? Jibu ni kwamba Wareno walikuwa na rafiki Malindi, ambako mtawala aliwapokea vyema tangu 1498, na hawakuona haja ya kugharamia ngome Mombasa. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1580, Waturuki walipokuja pwani wakiongozwa na Amir Ali Bey na kukaribishwa Mombasa. Mwaka 1589 merikebu za vita za Wareno kutoka Goa ziliwashinda, na miaka 4 baadaye ujenzi wa Fort Jesus ukaanza, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mtoto aliyeelewa hayo hahitaji tena kukariri kwamba 1593 inafuata 1589.

Kwa matukio mazito, abandike juu ya mstari kifuniko kidogo cha karatasi, kikishikwa na gundi upande wa juu tu. (Uji mzito wa unga wa ngano unatosha.) Nje aandike swali, ndani jibu. Swali lisiwe la "lini", maana hilo rula imekwisha kulijibu. Liwe la "kwa nini". Mathalan: kwa nini Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageuka na kuiteka ngome yao mwaka 1631? Ndani ataandika kuhusu baba yake, aliyeuawa 1614 baada ya kukosana na Wareno hao hao. Nafasi ni ndogo, hivyo itambidi achague maneno yake badala ya kunakili ukurasa mzima wa kitabu.

Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa waziwazi. Wako wazazi wanaokesha wakikata na kubandika ilhali mtoto amelala, na wengine hukimbilia kuchapisha kazi iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Kazi huwa nadhifu, mwalimu huisifu, ila aliyejifunza historia ni mama. Heri karatasi iliyopinda, yenye mwandiko wa mtoto.

Ikikamilika, hukunjwa ikaingia mfukoni mwa sare. Ndugu wawili wanaweza kuulizana maswali wakiwa kwenye matatu, mmoja akisoma nje ya kifuniko na mwingine akijibu kabla hakijainuliwa.

Angalizo moja tu kuhusu kikunjo cha mwisho. Kina msongamano: Waomani wanaizingira ngome mwezi wa Machi 1696, wanaitwaa Desemba 1698, Wareno wanarejea 1728 na kufukuzwa 1729. Kati ya haya mawili ya mwisho kuna milimita 1 pekee, kwa hivyo penseli iwe imechongwa vizuri.