Laini Yako Ikipoteza Mtandao Ghafla, Usingoje

"PIN yangu sijampa mtu yeyote, sasa pesa zimeendaje?" Hilo ndilo swali la kwanza la mteja ambaye laini yake imehamishwa, na mara nyingi anasema ukweli. Mwizi wa aina hii hahitaji kushika simu yako. Anaenda kuomba laini mpya yenye nambari yako, akijifanya wewe. Laini yake ikiwashwa, yako inazimika, na kuanzia hapo meseji zako zote zinaingia kwake: za pesa, za benki, na zile nambari za uthibitisho zinazotumwa mtu akitaka kubadilisha nywila.

Kubadilishiwa laini si jambo baya. Simu hupotea, kadi huharibika, na kila mtu angependa kurudishiwa nambari yake upesi. Shida ni kwamba anayeomba huulizwa mambo ambayo wewe ndiye unapaswa kuyajua: jina kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, pengine nambari ulizopigia karibuni. Sasa jiulize umeyaacha wapi. Ukiingia karibu jengo lolote mjini, askari wa geti anakupa daftari. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, yote kwenye mstari mmoja, na anayekuja baada yako anausoma mstari wako bila hata kuinama. Picha ya kitambulisho ulimtumia ajenti wa nyumba kwa WhatsApp. Ile fomu ya "tunaajiri haraka" uliyoipata Facebook iliuliza mpaka mwaka wa kuzaliwa. Hapo hukuibiwa kitu. Uliyatoa mwenyewe, kidogo kidogo, na kila mara kulikuwa na sababu.

Kinachobaki, mkora anakitafuta kwa kukupigia simu. Anajitambulisha kama mtu wa huduma kwa wateja, anasema usajili wako una kasoro na laini itafungwa leo. Anakutajia majina yako matatu na nambari ya kitambulisho bila kukosea hata tarakimu moja, na hapo ndipo wengi huteleza: "Kama ametaja kitambulisho changu, basi ni wao." La hasha. Kama anakijua kitambulisho chako, huenda amesoma tu daftari la geti. Kisha ataomba jambo dogo. Umsomee nambari iliyoingia sasa hivi kwa meseji, au upige kodi fulani, au uzime simu kwa saa moja "tunaporekebisha mitambo". Hilo la kuzima simu ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu simu ikiwa imezimwa hutaona mtandao ukipotea.

Kata simu. Si lazima uwe na adabu kwa mtu kama huyo, wala usikae kubishana naye ili umnase. Wengine hukaa dakika 20 wakimchezea na kumbe wanaendelea kumpa habari. Kama una wasiwasi kwamba kweli kuna tatizo, piga wewe mwenyewe nambari rasmi. Safaricom, kwa mfano, imewaambia wateja wake kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee. Na sisi hatutakuuliza PIN, si kwa simu, si kwa meseji, si kwa linki.

Na PIN je, ataipata wapi? Kwanza atajaribu mwaka wako wa kuzaliwa. Kitambulisho anacho tayari, na watu wanaotumia 1988 au 1995 kama PIN ni wengi mno. Kama PIN yako inaanza na 19 au 20, ibadilishe leo kabla hujamaliza kusoma makala hii.

Salio likiisha, wizi haujaisha. Akiwa ndani ya akaunti anaweza kukopa kwa jina lako, kwenye programu moja ya mikopo baada ya nyingine, na mikopo hiyo inabaki kwako. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na shilingi 300 tu kwenye simu hapaswi kusema "mimi wataniibia nini?" Wanaweza kuiba jina lako, nawe ukaja kujua miezi kadhaa baadaye unaponyimwa mkopo wa ada ya shule kwa sababu ya rekodi yako ya CRB.

Kama uko Safaricom, piga *100*100#. Baada ya hapo nambari yako haiwezi kubadilishiwa laini isipokuwa ufike mwenyewe kwenye duka lao. Pia piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti. Meseji za utapeli zitume kwa 333, ni bure. Kwenye mitandao mingine, waulize huduma kwa wateja wana kinga gani ya aina hiyo.

Sasa dalili. Simu inaandika hakuna mtandao, na jirani yako wa laini ya kampuni hiyohiyo anaongea vizuri. Izime na uiwashe mara moja. Ikikataa, usingoje hadi kesho, hata kama ni Ijumaa usiku (wakora wanajua maduka yamefungwa). Omba simu ya mtu mwenye laini ya mtandao huo na upige 100, ambayo ni nambari ya huduma ya Safaricom na pia ya Airtel. Waambie laini yako imehamishwa bila idhini, na waifunge. Simu ya pili iwe ya benki yako. Ya tatu iwe ya familia na kikundi cha chama, maana mkora mwenye nambari yako ataanza kuwaomba pesa kwa jina lako, eti uko hospitali.

Asubuhi nenda dukani na kitambulisho halisi, kisha kituo cha polisi uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB. Nambari hiyo utaihitaji ukipinga mikopo ambayo hukuichukua. Omba pia ripoti yako ya CRB. Kisheria una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Kagua kila mkopo uliotajwa humo, na usiotambua upinge kwa maandishi kwa CRB na kwa aliyekopesha, ukiambatanisha nambari ya OB.