Komamanga: Tunda Lake na Mizizi Yake

Ndugu, munasoma jina la komamanga katika Biblia, lakini wengi wetu hatujaliona. Muti wake ni mufupi, wenye miiba, na ulitoka upande wa Irani. Wapelelezi wa Musa walileta matunda yake pamoja na zabibu na tini. Nguzo mbili za hekalu la Solomono zilipambwa kwa makomamanga 400. Kwa nini? Pasua tunda moja: ndani mumejaa mbegu nyekundu, mamia. Kwa hiyo watu wa inchi zile waliliona kuwa alama ya uzazi na baraka.

Mbegu zake huliwa. Zina vitamini C. Ganda si chakula. Hutumika kutengeneza ngozi na kutia nguo rangi ya manjano.

Lakini sikilizeni, ninyi wazazi. Tangu zamani watu huchemusha maganda ya mizizi yake ili kufukuza tegu tumboni. Tegu hutoka kweli, lakini sumu ile ile inaweza kumuletea mutoto kutapika, kizunguzungu, hata macho kuona giza. Mukiona vipande vyeupe, bapa, katika choo chake, mumulete hospitalini. Kuna vidonge vya kumeza mara moja tu, navyo hupimwa kwa uzito wa mwili wake.